Hukumu Imesomwa, Rufaa Inaanza Masjala

"Nitakata rufaa!"

Ndugu msikilizaji, ukikaa kidogo kwenye viunga vya mahakama zetu hapa Dar es Salaam, iwe Kinondoni, Kisutu au Temeke, maneno hayo hutayakosa. Husemwa kwa sauti kubwa, hukumu ikiwa ndiyo kwanza imesomwa, mtu bado amekumbatia bahasha yake ya nyaraka na ndugu wamemzunguka. Kisha wote wanapanda gari kurudi Mabibo au Kimara, na rufaa inabaki palepale nje ya mlango ilipotamkwa. Miezi inapita. Siku anapompata wakili, swali la kwanza analoulizwa ni tarehe ya hukumu, na mara nyingi jibu lake ndilo linalofunga mazungumzo.

Leo nataka tuongee kuhusu rufaa ya namna moja tu: ya mtu aliyeumizwa kwa uzembe wa mwenzake, akadai fidia, mahakama ikaamua, na upande mmoja haukuridhika. Sizungumzii kesi ya dereva kushtakiwa na kutozwa faini. Hiyo ni ya Jamhuri na dereva. Nazungumzia madai: nani alipe mguu uliovunjika, na alipe kiasi gani.

Na nimechagua kusimama Ubungo. Tangu mwaka 2016 Ubungo ni manispaa yake yenyewe, baada ya kumegwa kutoka Kinondoni. Hapo ndipo barabara ya Morogoro inapokutana na Mandela na Sam Nujoma. Mwaka huohuo wa 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kukimbia kati ya Kimara na Kivukoni, na Februari 2021 likafunguliwa daraja la Kijazi, huku mabasi ya mikoani yakihamishiwa Mbezi Luis. Barabara zimepanuka, magari yanakwenda kasi kuliko zamani, lakini mtu wa miguu mwenye beseni kichwani amebaki na miguu yake ileile miwili.

Tumchukue mama mmoja. Nimemtunga mimi, msimtafute. Anauza ndizi Mabibo, pale sokoni ambapo kila mtu wa Dar anapaita Mahakama ya Ndizi. Asubuhi moja anavuka Morogoro, daladala inamgonga, paja linavunjika. Analazwa, anawekewa chuma, anatoka na magongo. Dereva anapelekwa mahakamani kwa makosa ya barabarani, anakiri, analipa faini, siku ya pili yuko barabarani. Mama anafungua madai dhidi ya dereva na mwenye gari. Anadai milioni 40. Baada ya miaka miwili hakimu anasema: ndiyo, umeumizwa kwa uzembe, lakini nawe ulichangia asilimia 30 kwa kuvuka mahali pasipo kivuko, matibabu nakupa laki sita badala ya milioni mbili ulizotaja, na kwa maumivu na ulemavu nakupa milioni sita. Ukishakata ile asilimia 30, mama anabakiwa na milioni nne na laki sita na ushee. Ndipo anaposimama nje na kusema nitakata rufaa.

Ana haki ya kusema hivyo. Swali ni kama anajua anakwenda kusema nini huko juu, na nani atamsikiliza.

Wengi wetu picha ya kesi za fidia tumeipata kwenye filamu za Marekani. Raia 12 wamekaa upande mmoja, wakili anatembeatembea mbele yao na picha ya jeraha, wanajifungia chumbani, wanatoka na tarakimu yenye sifuri nyingi. Hiyo ndiyo juri, na kweli ipo. Katiba ya Marekani, kwa marekebisho yake ya saba ya mwaka 1791, inailinda haki ya juri hata katika madai. Kesi inayosimuliwa kuliko zote ni ya Stella Liebeck, bibi wa miaka 79 wa Albuquerque, aliyeunguzwa vibaya na kahawa ya McDonald's mwaka 1992. Mwaka 1994 juri ilimpa dola 200,000 za fidia, ikapunguza asilimia 20 kwa kuwa naye alichangia, zikabaki 160,000, kisha ikaongeza dola milioni 2.7 za kuiadhibu kampuni. Wasimuliaji wanaishia hapo. Hawakuambii kwamba jaji aliyeongoza kesi hiyohiyo aliishusha ile milioni 2.7 hadi dola 480,000, wala kwamba kabla rufaa haijaamuliwa pande zote mbili zilimalizana nje ya mahakama kwa kiasi ambacho hakikutangazwa. Kwa hiyo hata kwa wenzetu, ile tarakimu ya kwenye gazeti sio iliyoingia mfukoni.

Waingereza, ambao ndio walioianzisha juri, katika kesi za watu walioumia waliiweka kando. Mwaka 1965, katika kesi ya Ward dhidi ya James, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, Lord Denning akiwa mwenyekiti, ilielekeza kwamba kesi za namna hiyo kwa kawaida zisikilizwe na jaji peke yake. Walichokiona ni kwamba viwango vya fidia vya juri havilingani wala havitabiriki: mguu huu unalipwa hivi, mguu kama huo mji wa pili unalipwa vingine kabisa. Na juri haiandiki sababu. Inatoka na tarakimu, basi. Jaji wa rufaa anabaki anakisia walifikiri nini.

Tanzania juri hatuna. Tulikuwa na wazee washauri wa mahakama katika kesi kubwa za jinai za Mahakama Kuu, na hao nao tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 si lazima tena wawepo. Kwenye madai ya ajali anayeamua ni hakimu au jaji, mtu mmoja mwenye kalamu. Sheria ya Mwenendo wa Madai inamlazimisha aandike maelezo ya kesi kwa ufupi, hoja zilizobishaniwa, uamuzi wake na sababu za uamuzi huo.

Mama yetu wa Mabibo ashike hilo la sababu, maana rufaa yake inakwenda kupambana na sababu zilizoandikwa. Maumivu yake alikwisha kuyaeleza siku alipotoa ushahidi, na yameandikwa. Huko Mahakama Kuu hatapanda kizimbani kulia tena. Jaji wa rufaa ataletewa jalada: mwenendo wa shauri, vielelezo, hukumu na tuzo, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu. Atasoma. Mawakili wataongea, au wataandika hoja zao. Kama kitu hakimo ndani ya jalada, kwake hakikutokea. Ushahidi mpya huingizwa kwa ruhusa tu, na ruhusa hiyo haitolewi kirahisi.

Rufaa ya kwanza ina upana wake, hilo niliseme maana wengi hawalijui. Mwaka 1968 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ile tuliyokuwa tukiitumia pamoja na Kenya na Uganda kabla ya jumuiya kuvunjika mwaka 1977, ilieleza katika kesi ya Selle dhidi ya kampuni ya Associated Motor Boat kwamba mahakama inayosikiliza rufaa ya kwanza inapaswa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe. Ila ikumbuke kwamba haikuwaona mashahidi wala kuwasikia. Kwa hiyo kama hakimu aliandika kuwa konda wa daladala, alipotoa ushahidi, alionekana anadanganya, jaji wa juu hatalitengua hilo kwa wepesi, kwa sababu yeye konda hakumwona. Lakini kama hakimu alisema mama alivuka pasipo kivuko, na kwenye jalada upo mchoro wa polisi unaoonyesha kivuko hatua chache kutoka alipoangukia, hapo jaji anaweza kuupima mchoro kwa macho yake mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu ya rufaa yenye miguu. Ile asilimia 30 inaweza kuondoka yote.

Kiasi cha fidia ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia mara ya pili. Mtu anadhani akikata rufaa, jaji atajiuliza upya: mguu wa mama huyu una thamani gani? Hapana. Kanuni ni ya zamani, ilitoka Baraza la Mfalme huko London mwaka 1951 katika kesi ya kampuni ya umeme na reli ya British Columbia, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeifuata, kwa mfano katika kesi ya Cooper Motor Corporation dhidi ya Moshi/Arusha Occupational Health Services iliyochapishwa kwenye ripoti za mwaka 1990. Mahakama ya juu haigusi kiwango cha fidia ya jumla, ile ya maumivu na ulemavu, kwa kuwa tu yenyewe ingetoa zaidi au pungufu. Itagusa kama aliyeamua alifuata kanuni isiyo sahihi, yaani alizingatia kisichohusika au akaacha kinachohusika, au kama kiwango ni kidogo mno au kikubwa mno kiasi kwamba hakiwezi kuwa makadirio ya haki. Kenya nao ni hivyohivyo. Kesi wanayoitaja sana ilihusu basi la Meru Express, na hadi leo mawakili wa Nairobi na Mombasa wanaipeleka mahakamani pande zote mbili, anayetaka zaidi na anayetaka pungufu.

Kwa hiyo kuandika kwenye sababu za rufaa kwamba "hakimu alikosea kwa kunipa fedha kidogo" ni kupoteza wino. Andika alichokiacha. Je, daktari alisema mguu umefupika, na hukumu haikutaja? Je, kulikuwa na ushahidi kwamba mama hawezi tena kubeba mkungu wa ndizi, na hakimu akakadiria kana kwamba anakaa nyumbani bila kazi? Je, hukumu inatoa milioni sita bila neno lolote la kwa nini sita na si kumi na mbili? Hili la mwisho lina nguvu. Katika Rufaa ya Madai namba 25 ya mwaka 2014, iliyotoka Arusha, Mahakama ya Rufani ilisema kutoa fidia ya jumla ni hiari ya jaji, lakini ni lazima aeleze sababu zake. Msikilizaji, isome hukumu yako ukurasa ule wa fidia. Kama kuna mstari mmoja tu wa "kwa kuzingatia mazingira yote", una jambo la kuzungumza.

Ila tahadhari: upanga huo unakata na upande wa pili. Mwenye gari naye anaweza kuleta pingamizi lake ndani ya rufaa yako, akasema milioni sita bila sababu ni nyingi. Watu wamekwenda juu kutafuta nyongeza wakarudi na pungufu.

Zile laki sita za matibabu nazo mama ana uchungu nazo, maana alitumia milioni mbili kweli. Lakini hapo, nasema kwa masikitiko, hana rufaa ya maana. Fidia mahususi, ile inayohesabika kwa shilingi, sheria inataka itajwe wazi kwenye hati ya madai na ithibitishwe kwa ukamilifu. Mahakama ya Rufani ililisema hilo katika uamuzi uliochapishwa mwaka 1992 na inaendelea kulirudia. Mama alinunua dawa kwenye maduka ya Manzese bila risiti. Alikodi bajaji kwenda kliniki kwa miezi saba. Dereva wa bajaji gani anatoa risiti? Alimlipa binti wa kumsaidia kuoga. Hakimu aliziona risiti za laki sita, akampa laki sita. Mimi naona sheria hii ni kali kwa maskini, maana uchumi wao ni wa mkono kwa mkono, na tajiri aliyelazwa hospitali ya binafsi anatoka na bili iliyochapwa kwa kompyuta hadi bei ya glavu. Lakini ndiyo sheria iliyopo. Walau basi yule binti na yule wa bajaji wangeitwa kutoa ushahidi, majina yao yakaingia kwenye mwenendo. Hawakuitwa, na rufaa haiwezi kuwaita sasa.

Vivyo hivyo ile kesi ya dereva aliyekiri kosa. Nakala yake iliyothibitishwa ilipaswa kuwa kielelezo kwenye madai tangu siku ya kwanza, pamoja na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ripoti ya ukaguzi wa gari na mchoro wa eneo. Dereva aliyekiri mbele ya mahakama moja kwamba aliendesha kizembe atapata taabu sana kukana mbele ya nyingine.

Sasa tuje kwenye muda, kitu kinachoua rufaa nyingi kuliko hoja mbovu.

Madai ya namna hii hayaanzii Mahakama ya Mwanzo. Yanaanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na yanatakiwa yafunguliwe ndani ya miaka 3 tangu ajali. Ukigongwa na gari la serikali au la manispaa ni njia nyingine: unatoa notisi ya siku 90 kwanza, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na unafungua Mahakama Kuu.

Kutoka Wilaya au Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, Sheria ya Ukomo wa Muda inakupa siku 90 tangu hukumu. Zinaonekana nyingi. Lakini huwezi kupeleka hati ya rufaa peke yake, lazima iambatane na nakala ya tuzo, na nakala hiyo huipati siku hukumu inaposomwa. Inachapwa, inasahihishwa, inasainiwa. Sheria imeliona hilo: siku ulizokuwa ukisubiri nakala zinaondolewa kwenye hesabu. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kuondolewa huko ni kwa nguvu ya sheria yenyewe, huhitaji kwenda kuomba uongezewe muda, ilimradi jalada lionyeshe lini uliomba nakala na lini ulipewa.

Lini uliomba. Mtu aliyekwenda masjala mara kumi kuuliza kwa mdomo, akaambiwa njoo wiki ijayo, mbele ya sheria hakuomba. Aliyepeleka barua siku mbili baada ya hukumu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, ana kinga. Siku hizi mashauri yanasajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki wa mahakama, na wengi mnafanyiwa kazi hiyo na vijana wa steshenari. Sawa, lakini chukua uthibitisho wa kile kilichotumwa na tarehe yake, usiuache kwenye simu ya kijana.

Na ukichelewa? Kuna maombi ya kuongezewa muda. Mwongozo wake umo katika uamuzi wa mwaka 2011, kesi ya kampuni ya ujenzi ya Lyamuya dhidi ya wadhamini wa YWCA. Ueleze kipindi chote ulichochelewa. Ucheleweshaji usiwe wa kupita kiasi. Uonyeshe ulikuwa unahangaika, si umelala. Na kama hukumu ina kasoro kubwa ya kisheria inayoonekana waziwazi, hiyo nayo inaweza kukuokoa. Mahakama imesisitiza mara nyingi kwamba kila siku ya ucheleweshaji itolewe maelezo, hata kama ni siku moja. "Nilikuwa natafuta hela ya wakili" ni maelezo ya kibinadamu kabisa, lakini kwa kawaida hayafui dafu. "Nilikuwa nimelazwa", na cheti cha hospitali chenye tarehe ya kuingia na kutoka, hayo yanasikilizwa.

Kuna waliopata faraja mwaka 2018, sheria ilipobadilishwa ili mahakama zitazame zaidi haki yenyewe kuliko ufundi wa taratibu. Ni kweli, baadhi ya makosa madogo yaliyokuwa yakizitupa rufaa nje sasa yanarekebishika. Lakini ukomo wa muda haumo kwenye faraja hiyo.

Mahakama Kuu ikiamua na bado upande mmoja haujaridhika, kuna Mahakama ya Rufani. Hadi mwaka 2023 ilibidi kwanza uombe ruhusa. Katika rufaa za kawaida za madai ruhusa hiyo imefutwa. Huko muda ni mfupi zaidi: notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30, barua ya kuomba mwenendo ndani ya siku hizohizo 30 na nakala yake umpelekee mpinzani wako, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi. Nakala za mwenendo zikichelewa, msajili anakupa cheti cha kuonyesha siku alizozitumia kuziandaa, lakini cheti hicho kinakusaidia tu kama ile barua uliipeleka kwa wakati na mpinzani akapewa nakala yake. Kwa kiwango hiki mimi sitamdanganya mtu: tafuta wakili. Wakili mwenye leseni, si kishoka anayezurura getini na mkoba mweusi.

Nimezungumza kana kwamba mwenye kukata rufaa ni majeruhi siku zote. Sivyo. Mara nyingi ni mwenye gari, au kampuni ya bima iliyo nyuma yake. Mama kashinda, kafurahi, anasubiri hundi, anapelekewa karatasi: wamekata rufaa. Anakata tamaa, anadhani kashindwa.

Hajashindwa. Rufaa peke yake haisimamishi hukumu. Sheria iko wazi. Mwenye gari asipoomba na kupewa amri ya kusitisha, mama anaweza kuendelea kukazia hukumu, dalali wa mahakama akaifuata ile daladala. Na ili apewe amri hiyo, mwenye gari aonyeshe kwamba atapata hasara kubwa, asiwe amechelewa kuomba, na aweke dhamana ya kulipa atakaposhindwa. Mama anatakiwa afike mahakamani siku hiyo na kusisitiza dhamana. Asipofika, amri inatoka, na miaka mitatu baadaye daladala imekwisha kuuzwa.

Halafu kuna riba. Deni la hukumu linazaa asilimia 7 kwa mwaka tangu siku hukumu iliposomwa hadi linapolipwa. Milioni 10 inazaa laki saba kwa mwaka. Aliyekopa benki anajua hiyo ni bei nafuu kiasi gani. Kampuni yenye fedha haina haraka ya kulipa deni la asilimia 7, wakati mama mwenye magongo ana haraka ya kila siku. Ningekuwa na kura bungeni, ningeanza na kifungu hicho.

Kuhusu bima nina machache tu. Sheria yetu inalazimisha kila gari barabarani liwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na kampuni ya bima inawajibika kulipa hukumu aliyopewa majeruhi dhidi ya mteja wake, ilimradi ilijulishwa mapema kuhusu kesi hiyo. Kwa hiyo notisi kwa kampuni ya bima itolewe kabla hujafungua madai. Wakati hukumu imesitishwa kusubiri rufaa, kampuni nayo hailazimiki kulipa, na ndiyo maana ile siku ya maombi ya kusitisha ni nzito. Yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ambako majeruhi anaweza kupeleka lalamiko dhidi ya kampuni bila mlolongo wa mahakama.

Na lipo lile la "tumalizane". Katika madai ya kawaida mahakama zenyewe hupeleka pande mbili kwenye usuluhishi kabla ya ushahidi, na hata rufaa ikiwa inasubiri mnaweza kukubaliana. Sioni aibu yoyote kwenye kumalizana. Bibi Liebeck, na mawakili wake wote, alimalizana. Ninachokipinga ni ile karatasi inayoletwa wodini siku ya tatu, mtu bado ana dripu mkononi: pokea laki tano hizi, weka dole gumba hapa. Karatasi hiyo mara nyingi inasema umelipwa kikamilifu na huna dai lingine. Ukikubaliana baada ya hukumu, ukiwa na tarakimu ya mahakama mkononi na rufaa ikining'inia juu ya pande zote mbili, unazungumza ukiwa na kitu mezani. Milioni tano leo inaweza kuwa bora kuliko milioni saba baada ya miaka minne ya nauli za kwenda mjini. Hesabu hiyo ni yako, si ya wakili wako, na usimruhusu akufanyie peke yake.

Sasa mama yetu afanye nini? Ningekuwa nduguye ningemwambia hivi. Laki sita za matibabu ziache. Asilimia 30 ya kuchangia ajali, ikatie rufaa, kama mchoro wa polisi uko kwenye jalada na unakuunga mkono. Milioni sita ya fidia ya jumla, ikatie rufaa pale tu hukumu iliposahau maneno ya daktari au haikutoa sababu. Nyingine zote ni hasira, na hasira haina nafasi kwenye hati ya rufaa.

Wasio na uwezo wa kulipa wakili wana pa kwenda. Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kinatoa msaada huo hapa jijini. Pale Mlimani, ndani ya Ubungo hiihii, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kamati yake ya msaada wa kisheria iliyoanza miaka ya 1960. Na hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomwa bure kwenye TanzLII, kwa bando lilelile unalotazamia video. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria, kwa hiyo unayo haki ya kuelewa kilichoandikwa juu ya mguu wako.

Msikilizaji, kama hukumu yako imesomwa wiki hii na hujaridhika, usisubiri kumpata wakili wala kuchangiwa na ndugu. Andika barua leo usiku, ukurasa mmoja unatosha: jina lako, namba ya shauri, tarehe ya hukumu, na kwamba unaomba nakala ya hukumu, tuzo na mwenendo kwa ajili ya rufaa. Kesho asubuhi ipeleke masjala, na usiondoke dirishani mpaka nakala yako imegongwa muhuri wenye tarehe.